Ukurasa wa Pili

9 Februari 1997

Wifi yangu,

Salamu zikukute mzima huko kwenye vichupa vyako. Sisi huku tunaendelea. Mama goti lake la kushoto linamsumbua tangu mwaka uanze, ila ulimi uko salama, usiwe na wasiwasi. Paa la jikoni limezibwa. Cherehani yangu nimeibadilishia mkanda, sasa inakimbia kama imepata mchumba. Kaka yako bado anapima viwanja kando ya barabara mpya. Anaondoka Jumatatu na darubini yake ya miguu mitatu na fungu la vigingi, anarudi Ijumaa vumbi limemjaa mpaka kwenye kope. Anakusalimu. Yaani hajasema, lakini angesema kama ningemwambia kwamba naandika.

Sijamwambia kwa sababu hili nataka liwe letu.

Mwezi ujao tunatimiza miaka mitano ya ndoa, na nyumbani kwetu bado kuna viatu vya watu wazima tu. Watu wote wameshaniuliza, mpaka muuza vitunguu. Wewe peke yako hujawahi kuniuliza, na kwa hilo nimekuwa nikikushukuru moyoni. Sasa naomba uniulize.

Juzi mama alikuwa mlangoni na jirani. Akasema, kwa sauti iliyopimwa hasa inifikie nilipo, "Mwanangu amepanda juu ya mwamba." Nilikuwa natia kola kwenye shati la mtu, nikajidunga sindano. Nikamjibu, "Mama, mwamba nao hujengewa nyumba." Nilitaka tucheke. Hakucheka mtu. Kaka yako alikuwepo, anachonga penseli. Aliichonga mpaka ikabaki kipande cha kushikia.

Nilikwenda zahanati. Muuguzi akaniambia nirudi na mume. Mume akasema, "Mimi sina tatizo, mtu mzima anaujua mwili wake." Yakaishia hapo.

Wewe kazi yako ni magonjwa ya pale ambapo sisi tunaona haya hata kupataja. Nisaidie, wifi. Kama kuna kipimo, nipimwe. Damu ninayo, mkojo ninao, na machozi pia kama mnayapima.

Wako, fundi wa cherehani.


2 Machi 1997

Wifi yangu,

Barua yako niliisoma nimesimama, kisha nikaketi nikaisoma tena. Nimefurahi kusikia paa limezibwa. Mpe mama pole ya goti, umwambie ndoo ya lita ishirini si ya mtu wa umri wake. Mimi sijambo. Nimehama, nina chumba karibu na kazini. Dirisha langu linatazamana na ua wa dobi wa hospitali, kwa hiyo nikiamka naona mashuka. Mkuu wetu wa utafiti, yule daktari tunayemwita Mama Mizani kwa kuwa haamini kitu mpaka kipimwe mara mbili, amenikabidhi funguo za jokofu kubwa. Ndicho cheo changu kipya.

Kazi yenyewe ni hivi. Kila asubuhi linaletwa kasha la barafu kutoka kliniki za wanawake. Ndani mna vichupa, na kila kichupa kina kijiti cha pamba kilichopitishwa kwenye mlango wa kizazi cha mtu. Majina hayaandikwi, ni namba tu. Tunatafuta bakteria na virusi. Virusi wengine huleta malengelenge, wengine hukaa miaka na miaka wakiandaa saratani. Bakteria wengi ukiwaweka kwenye sahani na kuwatia kwenye kabati la joto, kesho yake wameota, unawaona kwa macho. Lakini yuko mmoja, klamidia, huyo haoti kwenye sahani. Hujificha ndani ya chembe za mwili, kimya, na mara nyingi mwanamke aliye naye haumwi popote. Anakuja kugundua baadaye, anapotafuta mtoto. Ndiyo maana tunawapima wanawake waliozaa na wasiozaa, tunalinganisha.

Sasa nami nakuuliza, kama ulivyoomba. Wiki za mwanzo za ndoa yenu, uliwahi kuwashwa wakati wa kukojoa? Baada ya hapo, ndani ya miezi miwili mitatu, uliwahi kupata homa na maumivu chini ya kitovu, pande zote mbili? Nijibu bila haya.

Kisha uje. Ingekuwa bora mje wawili. Mwambie kaka hivi hivi: dada yako amekuita, na anajua kwa nini amekuita.

Usinywe mizizi ya mtu yeyote.

Wifi yako.


30 Machi 1997

Wifi,

Barua yako imenifurahisha na kunitisha kwa pamoja, kama harusi. Sisi wazima. Mama alisikia habari ya ndoo, sasa anakuita daktari wa ndoo, lakini nimeona siku hizi anachota nusu. Sare za shule zimeanza kuja kwa wingi, nina suruali arobaini na mbili za kupinda.

Nilimwambia kaka yako maneno yako kama ulivyoyaandika. Alikuwa anafunga viatu. Alifunga kimoja, akakifungua, akakifunga tena. Akasema, "Mwambie kazi imebana." Halafu akauliza kama uliandika kitu kingine chochote. Nikamwambia hapana. Akaenda mtungini akanywa maji vikombe viwili.

Maswali yako nayajibu: ndiyo, na ndiyo. Mwezi ule wa kwanza mkojo uliniwasha kama pilipili. Mama mdogo wangu aliniambia ndivyo mwili wa bibi harusi unavyozoea, nikanyamaza. Mwezi uliofuata nililala siku nne na homa, tumbo la chini linauma kulia na kushoto. Nikapewa dawa za malaria. Nikapona, au ndivyo nilivyodhani. Ukimtoa mama mdogo, mambo hayo sijawahi kumsimulia mtu, wifi. Umeniuliza kama vile ulikuwa umejificha chini ya kitanda chetu. Umejuaje? Najua utasema ni vitabu.

Nitakuja peke yangu tarehe kumi na nne Aprili. Nimeaga kwamba nakuja kununua vitambaa, na kweli nitanunua, ili nisiwe mwongo mzima.

Niandalie mahali pa kulala. Sikoromi sana.

Fundi wako.


11 Mei 1997

Wifi yangu,

Natumaini ulifika salama na vitambaa vyako havikulowa. Chumba kimepwaya tangu uondoke, hata dobi ameniuliza yule mgeni mcheshi amekwenda wapi. Nasikia mama amepata nafuu ya goti, Mungu ashukuriwe.

Siku ile ulipokuwa umelala kwenye meza ya picha ya eksirei ulinishika mkono ukaniomba nisikufiche chochote, nami nikakujibu tusubiri majibu. Majibu yametoka. Nimeyasoma mwenyewe, na Mama Mizani ameyasoma mara mbili.

Klamidia alipita kwako, zamani, na alikaa sana. Damu yako bado inamkumbuka. Alipanda kutoka mlango wa kizazi mpaka kwenye mirija, ile miwili ambamo yai hupita kwenda kwenye mfuko wa uzazi, akaacha makovu. Mrija wa kulia umeziba kabisa, ile dawa ya picha haikupita hata tone. Wa kushoto uko wazi lakini ni mwembamba na umejikunja, kama mshono uliovutwa uzi. Wewe unajua mshono wa hivyo unavyokuwa. Mimba inaweza kupatikana. Si rahisi, lakini inawezekana, na sitaki nikukatishe tamaa wala nikudanganye.

Zile pakiti mbili za vidonge nilizokupa, moja ni yako na moja ni ya kaka. Vimezwe vyote mpaka cha mwisho, na mpaka viishe kila mtu alale upande wake. Huwezi kupona peke yako kwenye kitanda cha watu wawili.

Wala usijilaumu. Hukukosea popote. Sikiliza, ninayo mengine ya kukuambia, kwa hiyo funga mlango, uketi kwanza ndipo


20 Julai 1997

Wifi yangu kipenzi,

Leo salamu zangu zina miguu, zingeweza kuja zenyewe. Mama mzima, goti zima, jirani mzima, paka wa jirani mzima, wote wazima.

Kwanza nikulaumu. Barua yako ya mwezi wa tano nimeipata wiki iliyopita. Sanduku la posta ni la kaka yako, basi akaifungua akidhani ni yake, halafu akaisahau kwenye mkoba wa kazi. Anasema kazi imemchosha akili. Na wewe nawe umechoka, maana umenitumia karatasi moja, imejaa mbele na nyuma, inaishia "uketi kwanza ndipo". Ndipo nini? Nimekaa tangu wiki iliyopita. Nilimuuliza kaka yako kama kulikuwa na karatasi nyingine, akasema bahasha ilikuwa na hiyo tu. Nadhani umeiacha mezani kwako katikati ya mashuka ya dobi. Niliona nisikusumbue, kwa sababu nina langu la kukuambia.

Wifi, nimechelewa siku kumi na saba. Nilikwenda zahanati, muuguzi akapima mkojo, akatabasamu kabla hajasema. Ndiyo. Mimi.

Siwezi kukueleza nyumba ilivyokuwa. Mama amenikataza kuinua hata mkasi. Ananiita mwanangu mara tatu katika sentensi moja. Amewaambia watu wote, ingawa nilimwomba asubiri. Kaka yako nilipomwambia alitoka nje akaketi juu ya vigingi vyake. Nilipomfuata nikamkuta analia. Miaka mitano sijawahi kumwona analia. Akasema, "Kumbe sikuharibu." Nikadhani anasema mambo ya kazini, nikamfuta uso kwa upindo wa kanga.

Vidonge nilimeza vyote. Vyake alikwenda navyo kambini, anasema alivimaliza.

Nina kijiuchungu upande wa kushoto, chini, kinakuja na kuondoka, na mara mbili nimeona doa la damu, dogo kama kifungo cha shati. Mama anasema ni mtoto anajipangia chumba. Nami namwamini, nani asingemwamini.

Niandikie upesi, na unitumie hiyo karatasi yako, hata kama ni ya kunigombeza.

Mama mtarajiwa. Nimeandika ili nione linavyoonekana.


24 Agosti 1997

Wifi yangu,

Natumaini kidonda kinakauka na unaweza kufika bafuni bila kushika ukuta. Usiinue kitu, usiketi kwenye cherehani mpaka mwezi uishe. Nimefika salama. Kazini hakuna jipya.

Nilikuwa kliniki za mbali wiki tatu nikikusanya sampuli. Niliporudi tarehe sita barua yako ilikuwa mezani, ina siku kumi tangu ifike. Niliisoma mpaka uliposema upande wa kushoto. Nikaenda kuomba simu kwa Mama Mizani bila kueleza. Ofisini kwa kaka alipokea karani, akaniambia, "Mpima hayupo, mke wake alipasuliwa Jumamosi." Ndivyo nilivyojua.

Nilikaa kando ya kitanda chako siku nne. Nilikuchana nywele. Nilikueleza kwamba mimba ilitunga kwenye mrija, haikufika kwenye mfuko wa uzazi, mrija ukapasuka na damu ikamwagika tumboni, ikabidi utolewe. Ukauliza, "Na ule mwingine?" Nikakukumbusha kwamba uliziba zamani. Ukageukia ukutani, ukauliza polepole, "Tangu lini?" Nikajifanya namwita muuguzi abadilishe chupa ya maji.

Swali lile naweza kulijibu kwa tarehe. Nilikwisha kulijibu kwenye ukurasa wa pili wa barua yangu ya Mei. Ulikuwepo, wifi. Niliukunja mwenyewe pamoja na wa kwanza. Naandika tena yale yaliyokuwemo.

Siku kumi na moja kabla ya harusi yenu kaka alikuja chuoni kwangu. Nilikuwa mwaka wa mwisho. Alikuwa anatokwa usaha, na aliona haya kwenda kwa mtu mwingine. Nilimpima kwenye hadubini, chumba kimefungwa. Kilikuwa kisonono, kinaonekana wazi, viwili viwili kama punje za maharage zinazotazamana. Akachomwa sindano moja, usaha ukakauka. Nikamwambia kisonono mara nyingi hutembea na mwenzake asiyeonekana, nikampa vidonge vya siku saba. Alimeza siku mbili. Akasema amepona. Nikamwambia aahirishe harusi, au akuambie. Akasema, "Nitamwambia, niachie mimi." Nikamwachia. Sikumuuliza tena hata mara moja. Nikaja harusini kwenu nikacheza mpaka kiatu kikakatika kisigino. Ulipouliza nimejuaje, ndivyo nilivyojua. Na ulikuwa unanishukuru kwamba sijawahi kukuuliza habari za mtoto. Sikuuliza kwa sababu niliogopa jibu.

Hospitalini nilimvuta kaka kwenye ukumbi, pale penye benchi la kijani. Nikamuuliza ukurasa uko wapi. Hakukana. Alisema aliusoma pale pale posta, amesimama.

"Ulisoma mpaka mwisho?"

"Nilisoma mpaka nilipofika mimi," akasema. "Hapo nikaukunja."

Wifi, chini ya hapo kulikuwa na mistari sita. Ilisema: ukikosa siku zako, ukasikia maumivu upande mmoja, au ukaona damu hata tone, usingoje kesho, usimsikilize mtu, nenda hospitali kubwa siku hiyo hiyo, kwa maana mrija wenye kovu unaweza kushika mimba njiani. Hakuifikia. Nilipomsomea kwa kichwa, aliketi kwenye benchi. Akaniomba nisikuambie. "Utamuua mara ya pili," akasema. Siku zile nne nilimtii. Mara ya pili katika maisha yangu.

Yeye alificha ukurasa. Lakini aliyeupanga ni mimi. Ningeweza kuanza na mistari ile sita, juu kabisa, kwenye ukurasa wa kwanza. Nilianza na siri yangu kwa sababu ilikuwa imenilemea na nilitaka kuitua. Nimeutanguliza mzigo wangu, uhai wako nikauweka mwisho wa karatasi.

Mrija ungeweza kutolewa kabla haujapasuka. Mtoto asingepona, hilo daktari yeyote atakuambia. Lakini usingelala kwenye sakafu ya jikoni saa tatu nzima ukisubiri gari.

Barua hii namtumia muuguzi wa zamu aliyekuvisha bandeji, akupe mkononi.

Sijui nimalizie vipi.


9 Novemba 1997

Wifi yangu,

Sijapata jibu, na silidai. Natumaini u mzima, na mama yako mzazi mzima. Nimesikia umerudi kwake tangu Septemba.

Nilikwenda nyumbani wiki iliyopita. Nilimkuta mama anakunja nguo. Alianza kunisimulia kwamba umeondoka kwa kuwa kizazi chako kilikuwa kibovu tangu kwenu, na kwamba kaka sasa yuko huru kuoa. Kaka alikuwa chumba cha pili, mlango wazi, anasikia. Nilingoja aseme. Nilimpa muda, wifi, mama alikunja shuka mbili. Kisha nikasema mimi. Nilisema yote, na sehemu yangu pia. Mama aliniuliza, "Na wewe ulikuwa unajua nilipokuwa namsema?" Nikamjibu ndiyo. Akaniambia nimpishe, anataka kufagia.

Jambo jingine ni la kazi. Utafiti umefikia mwisho, Mama Mizani anaandaa ripoti. Sampuli yako imo pamoja na za wanawake mia sita na kumi. Hakuna jina, lakini mimi naijua namba yako, na nikifika kwenye mstari ule siwezi kuendelea. Ulitoa ruhusa ukiwa hujui yote. Ukisema itolewe, nitaitoa mwenyewe.

Naandika hii moja tu. Sitakusumbua.

Wifi yako.


14 Machi 1998

Natumaini barua hii inakukuta mzima. Mimi mzima. Mama yangu ana mafua. Tumepaka chokaa chumba cha mbele, ndipo ninaposhonea.

Barua yako ya Agosti nilikabidhiwa na yule muuguzi siku niliyorudi kuangaliwa kidonda. Niliisoma kwenye benchi la kijani, sikujua kama ni lile lile. Nilikaa pale mpaka wafagizi wakaniomba ninyanyue miguu.

Nilipofika nyumbani sikugombana na kaka yako. Nilimwambia naomba kitu kimoja tu. Sikutaka anipigie magoti, alikwisha piga. Nilimtaka aende mlangoni alipoketi mama yake na kumwambia kwa mdomo wake, "Ni mimi." Maneno mawili. Alisema atasema Jumapili. Jumapili ikapita. Akasema mama ana presha, tungoje apone. Nikangoja wiki tatu, na kila siku mama yake ananiletea jina la mganga. Siku ya ishirini na mbili nilichukua cherehani, yeye akanisaidia kuibeba mpaka barabarani. Alikuwa analia tena. Nilimpenda mtu yule, na nadhani bado, ndiyo maana siwezi kukaa naye.

Mama yenu alikuja hapa Januari. Alikuja peke yake, na goti lile. Akasema anataka gauni. Nikampima, kiuno kimepungua inchi tatu tangu nilipomshonea mara ya mwisho. Alipokuja kulichukua alilivaa pale pale, akajitazama kwenye kioo, akasema, "Nilikusema vibaya kwa watu, na watu wale siwezi kuwafuata wote." Akaondoka nalo mwilini. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia maisha yangu yote. Sasa hata hilo amenipunguzia.

Watu wananiletea magauni ya harusi kuliko zamani. Sijui wanajuaje, au labda mimi ndiye ninayeyaona zaidi. Nikimpima bibi harusi, tukiwa wawili, namwambia aende kliniki kabla ya siku yake, na aende na bwana harusi, na kila mtu ameze dawa zake mpaka cha mwisho. Mmoja alichukua kitambaa chake akaenda kwa fundi mwingine, akisema nina kijicho. Mwingine alirudi baada ya wiki mbili, akakaa kwenye kiti cha wateja bila kuvua kandambili. "Tulikutwa na ugonjwa wote wawili," akasema. Nikamuuliza kama harusi ipo. Akasema ipo, imesogezwa mwezi mmoja, na mchumba wake amemeza vidonge mbele yake siku zote saba, anahesabu kwa sauti. Nilimaliza upindo wa gauni lile nikaenda nyuma ya nyumba.

Sampuli iacheni. Kama karatasi zenu zina mahali pa maelezo, andikeni kwamba huyu aliolewa akiwa mzima. Kama hazina, basi.

Kwa hesabu ya muuguzi angezaliwa juzi, tarehe kumi na mbili. Nilifanya kazi siku nzima. Hakuna aliyekumbuka ila mama yangu, alinizimia redio.

Kuhusu wewe. Ulinyamaza miaka mitano, na yeye alinyamaza miaka mitano, lakini yeye nilijua ni mume, nilimtarajia makosa. Wewe nilikuwekea akiba. Kila ukiniuma nakumbuka kwamba ulikuja kunichana nywele, na kila nikikumbuka nywele nakumbuka kwamba ulikuwa unajua. Mambo haya mawili nayabeba pamoja, sijapata pa kuyatenganisha. Mama yenu akiniuliza habari zako namwambia hatuna ugomvi. Si kweli, ila si uongo mzima.

Utaona huko juu sikumwita mtu. Nimeianza barua hii mara tatu, na mara zote tatu kalamu imekataa kuandika lile neno tulilokuwa tukiitana. Jingine la kukuita sina. Nimeacha mstari mtupu, na sikusahau.